Almasi Ndani ya Damu Yangu

Jumatatu, 3 Machi 2025
Hapa kijijini Rwamgasa tumeingiliwa. Daktari Bhoke, mtafiti kutoka chuo kikuu, amepanga chumba pembeni mwa zahanati. Ana darubini kubwa kama cherehani. Anatafuta watu wanaochoma dhahabu kwa zebaki, achukue damu yao na kuitia almasi. Almasi! Huku kwetu ni dhahabu. Almasi ziko Mwadui, na haziendi kutembea zenyewe. Mimi Gregory, broka wa dhahabu mwaka wa kumi na moja, magendo nayanusa. Ignas, broka mwenzangu na adui yangu, amemwamkia daktari shikamoo ilhali yeye ndiye mkubwa. Nyoka yule.

Jumanne, 4 Machi
Nimejitolea damu. Damu ni yangu, kwa hiyo kitakachoingia humo ni changu. Daktari akauliza mbona mikono yangu inatetemeka. Nikasema naogopa sindano. Akauliza nachomea wapi dhahabu. Jikoni, ili Ignas asione mzigo wangu. Na jikoni anashinda nani? Mke wangu Melania, nikamwambia, ana mimba ya miezi saba. Akaandika. Kisha akataka mkojo. Mkojo wa nini? Nimempa nusu. Nusu nimebaki nayo.

Alhamisi, 6 Machi
Nimechungulia darubini. Seli za damu yangu zimo kwenye kisahani, hai. Zikimulikwa mwanga wa kijani, zinatoa vidoa vyekundu. Ndizo almasi! Daktari anasema zimetengenezwa kiwandani, na zikipangwa mstari hadi elfu moja ndipo zinafikia unene wa unywele. Seli inazimeza yenyewe wala haifi. Ule wekundu ukibadilika, yeye anasoma jinsi seli inavyoumia humo ndani. Yaani wapelelezi! Ndani ya damu yangu! Nikauliza bei. Akacheka. Anayecheka akiulizwa bei ana jambo.

Ijumaa, 7 Machi
Daktari alitoka kunywa chai. Kichupa kimoja cha almasi zake kikaingia mfukoni mwangu. Nyumbani nikakichemsha kwenye sufuria mpaka maji yakakauka. Almasi hakuna! Doa la kijivu tu. Nikakimbia kuazima kioo cha kukuzia. Kurudi, Melania keshasugua sufuria na kupika mlenda. Nikapiga kelele kwamba amemwaga utajiri wetu.
“Baba Violeth,” akasema, “utajiri gani huo unaotoka kwa stilwaya?”
Nimekula mlenda wote peke yangu. Huenda kuna chembe zilizobaki.

Jumatatu, 10 Machi
Daktari kaja nyumbani. Nikajua ni kile kichupa. Hakukitaja hata kidogo! Mjanja sana. Kaleta majibu: zebaki kwenye mkojo wangu imepita kiasi, na seli zangu zinateseka. Akamgeukia Melania, akamweleza taratibu kwamba mvuke wa zebaki hauonekani kwa macho, lakini unamfikia mtoto tumboni. Melania akaitazama mikono yangu. Daktari akatuachia ritoti, chungu cha chuma chenye mfuniko na bomba, eti kinanasa mvuke wote. Bure! Kitu cha bure lazima kinameza dhahabu. Alipoondoka tu nikamuuzia Ignas. Kakipokea kwa furaha, jambo linalonitia wasiwasi.

Jumatano, 12 Machi
Melania amefunga mizigo, amemchukua binti yetu Violeth, ameenda Bugarama kwa dada yake. Atarudi siku jikoni hakutakuwa na zebaki. Nikamuuliza nani kamjaza maneno. Daktari? Ignas?
“Mikono yako,” akasema. “Jana umeshindwa kumfunga mtoto kifungo.”
Kweli kilinishinda. Lakini kile kifungo kilikuwa kidogo.

Jumapili, 16 Machi
Nimejipima uzito zahanati. Nimepungua kilo tatu! Wamezitoa almasi zao, lini sijui. Daktari ameapa hazikuwahi kuingia mwilini mwangu, zilibaki kwenye kisahani. Akaniuliza tangu mke wangu aondoke ninakula nini. Swali la kunipoteza maboya.

Mchana Melania kapiga simu, sauti ya upole. Kauliza kama bado nachoma jikoni. Nikaapa kwa Mungu: jikoni sichomi tena, na sitachoma kamwe. Akalia kwa furaha. Anarudi kesho.

Wala sikusema uongo. Jiko la mkaa la kuchomea dhahabu nimelihamishia chumbani, karibu na kitanda. Dirisha ni dogo, Ignas hawezi kuona chochote.