Vipimo vya Heshima

Jumatatu, 4 Machi
Mke wangu kachoka. Kasema vipimo vya wateja kuviandika kwenye maboksi ya uzi ni aibu, na funguo za duka letu la ushonaji atampa kaka yake. Yaani shemeji, mkataji wetu! Thubutu. Nimeahidi mageuzi.

Jumanne, 5 Machi
Nimeweka programu ya mtandaoni. Naandika kipimo huku mbele, shemeji anakiona kwenye simu yake chumba cha kukatia. Nikazima simu yangu. Bado anakiona! Nikaifukia kwenye vitambaa. Bado! Kinakaa wapi hasa? Shemeji kasema kwenye kompyuta za watu huko mbali, hata simu ikiibiwa vipimo vipo. Kanikera, lakini nimemuuliza tena mara kadhaa.

Jumatano, 6 Machi
Mkuu wa shule kaja kupimwa gauni. Likimpendeza, tutashona sare za walimu wote! Kiuno, inchi arobaini na mbili. Kawaida yangu, mteja humtajia namba ya heshima, ile ya kweli humnong'oneza shemeji baadaye. Nikataja thelathini na sita. Mama akang'aa. Kumbe mteja naye huona vipimo kwenye simu yake, akaomba kuona. Ningefanyaje? Nimuumbue mama wa watu? Nikaandika thelathini na sita.

Alhamisi, 7 Machi
Nilitoka kununua vifungo. Kurudi, gauni limeshashonwa! Nikamuuliza shemeji kwa nini hakusubiri ninong'one. Kasema ya nini, namba si anayo kwenye simu.

Ijumaa, 8 Machi
Zipu imegoma katikati ya mgongo. Mkuu wa shule kauliza, kwa upole wa kutisha, kama amenenepa tangu juzi. Nikajibanza nyuma ya pazia, nikageuza thelathini na sita kuwa arobaini na mbili, nikatoka kifua mbele: shemeji hajui kusoma namba! Papo hapo simu ikalia kwenye mkoba wa mama. Akasoma kwa sauti. Kiuno chake kimeongezwa inchi sita, sasa hivi, na mimi. Jina langu kamili! Nani kaiambia?
Mke wangu kanyoosha kiganja. Nimetoa funguo. Imeniuma sana, sifichi.

Jumamosi, 9 Machi
Shemeji kashona gauni jipya, limemkaa mama vizuri, sare tumepata. Sifa zote zake. Mimi napima tu, na nimeamriwa niandike ukweli mtupu.
Nimeipekua programu asubuhi nzima. Ina mambo! Kuna mahali unachagua inchi au sentimita, na chini yake unaruhusiwa kuunda kipimo chako mwenyewe. Nimeunda inchi yangu, ndefu kidogo. Walimu wote watasoma viuno vyembamba, na utakuwa ukweli mtupu! Shemeji sijamwambia, iwe mshangao. Anaanza kukata sare Jumatatu kwa futi yake ile ile ya inchi za kawaida, akimaliza ataniletea funguo mwenyewe.