Dawa ya Daktari wa Katani

Njia ya mwongo ni ndefu, pana, tena ina lami. Wanaosema ni fupi hawajawahi kuipita. Daktari aliipita kila siku. Udaktari wenyewe alijitunuku mbele ya kioo.

Asubuhi hiyo macho yake yalitua kwenye karakana ya Mama Kamba, msokotaji wa kamba za katani, kisha yakahamia kwenye pikipiki mpya iliyoegemezwa mlangoni.

"Shikamoo mama. Katani yako inaumwa."

"Marahaba. Inaumwa nini?"

"Gundi. Kila uzi umejaa gundi na nta. Dawa yangu inazitoa, kamba inakuwa nyeupe pe, inavuta hata lori."

"Ikivuta lori, pikipiki ile chukua. Isipovuta, nitakusokota wewe."

Dawa ilikuwa magadi makali, yale ya kutengenezea sabuni. Ukiyazidisha, kamba hung'aa siku moja kama bibi arusi huku ndani ikilegea, kesho yake ikawa uozo; na siku moja ilimtosha Daktari kuyeyuka. Lakini magadi ni ghali, naye ni bahili wa kurithi. Akatia konzi moja tu katika pipa zima la maji.

Kamba zikalowekwa, zikasuuzwa, zikaanikwa. Ziling'aa. Mama Kamba alipokwenda kutafuta lori la majaribio, Daktari akarukia pikipiki. Akakuta imefungwa kwenye nguzo ya kibaraza kwa kamba iliyotoka kwenye pipa lake mwenyewe. Akacheka mpaka machozi.

"Maskini mama wa watu! Kanifungia kwa tambi!"

Akawasha, akapiga resi. Kamba ikanyooka, ikagoma. Nguzo ikapinda, kibaraza kikainama, pikipiki ikasimama wima kama farasi, na Daktari akapaa, akatua ndani ya pipa kwa makalio.

Mama Kamba alirudi na lori na majirani. Akaipapasa kamba: hakuna hata uzi mmoja uliokatika.

"Lori la nini tena? Dawa imefanya kazi! Konzi moja imetoa gundi, uzi umebaki mzima. Ungesubiri kidogo tu, mwanangu, pikipiki ingekuwa yako kihalali. Lakini umetaka kuiiba, basi inabaki kwangu, na wewe unabaki kunitengenezea dawa mpaka kibaraza kisimame."

"Na aombe radhi!" akafoka dereva wa lori.

Daktari alikuwa bado pipani, maji yakimwasha kila mahali.

"Siombi. Mmenifanyisha kazi halali bila kuniarifu, halafu mimi ndiye niombe radhi? Siombi!"