Skrubu Mbili, Muwa Mmoja

Prosper alikuwa akinywa chai kwenye mgahawa mmoja pale Tukuyu aliposikia mzee asiye na meno, meza ya pili, akiilalamikia hospitali.

"Skrubu nne!" alisema mzee. "Eti taya langu laini. Eti meno ya bandia yakishikwa na skrubu mbili tu, mzigo wote utauelemea mfupa pale pale zilipo, zitalegea. Mlango wangu una bawaba mbili na haujaanguka tangu nioe!"

Prosper akashusha kikombe. Bahili mwenye shida ni neema. Bahili anayeitangaza shida yake mgahawani ni neema iliyojileta yenyewe mezani. Akahamia meza ya mzee na kutabasamu.

Tabasamu lile ndilo lililokuwa ofisi yake, duka lake na cheti chake. Meno yote ya chini yalikuwa ya bandia, yamefungwa kwenye taya kwa skrubu mbili. Daktari wa Mbeya aliyaweka kwa shingo upande, akamwonya kwamba taya lake ni laini kama andazi, asivute kitu kwa meno ya mbele. Siku hizi skrubu ya kushoto ilikuwa imeanza kucheza, na Prosper alikuwa akiishi kwa ndizi mbivu na uji.

"Shikamoo mzee. Usipoteze mali yako. Ninao unga wa kukomaza taya. Ukiutumia, mfupa unakuwa jiwe, skrubu mbili zinatosha. Mimi mwenyewe taya langu lilikuwa bovu. Leo navunja mifupa ya ng'ombe."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Kwako wewe, mtamba mmoja tu."

Mzee, jina lake Ambilikile, hakubisha bei. Jambo hilo lingemshtua tapeli mwangalifu. Prosper alikuwa tapeli mwenye haraka.

Jumamosi akapanda bodaboda hadi kwa mzee, Kisondela, na kopo la unga, yaani maganda ya mayai yaliyosagwa pamoja na dona. Mtamba alikuwa amefungwa kando ya migomba, mnene, mwenye macho ya upole. Prosper akampenda papo hapo.

Mama Atuganile, mke wa mzee, akaleta muwa mzima, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Karibu mwanangu, ukate kiu."

"Ndaga, asante mama. Naomba kisu."

"Kisu?" Mzee akacheka kwa ufizi. "Kisu ni cha sisi wagonjwa. Wewe si unavunja mifupa?"

"Nimeshiba, baba."

"Mgeni wangu hashibi njiani," alisema mama, akavuta kigoda na kuketi mbele yake kabisa, kama mtu aliyelipa kiingilio.

Prosper akautazama muwa. Akamtazama mtamba. Akikataa, nani atanunua unga wake? Akaamua kuvuta mara moja tu, kidogo, kwa heshima. Akauma ganda, akavuta.

Ganda halikutoka. Ilitoka skrubu ya kushoto, bila haraka, ya kulia ikaifuata, na meno yote ya chini yakabaki yameng'ang'ania muwa kwa uaminifu ambao Prosper hakuwahi kumwonyesha mtu.

Mtamba akaendelea kucheua.

Mzee akainama, akachunguza. "Zote mbili," akamwambia mkewe. "Kumbe daktari hakuwa anatuibia."

Kisha akamgeukia mgeni. "Mwanangu, siku ile kule Mbeya unambembeleza daktari akuwekee mbili, mimi nilikuwa kwenye benchi, mlango uko wazi. Nami akaniambia maneno yale yale. Nikasema, kabla sijauza mtamba kununua skrubu nne, ngoja nione za huyu zinavyobeba. Umenisumbua! Nimelalamika kwenye mgahawa ule mara ngapi ndipo ukanisikia?"

Prosper alikuwa na jibu kali sana, lakini lilihitaji meno.

Mama Atuganile, mwanamke aliyelelewa vizuri, akayabandua kwenye muwa, akayafunga kwa jani la mgomba, akampa mgeni. Kisha akampa na muwa, wa njiani.