Setilaiti Yangu na Kiti cha Saluni

Jumanne, 7 Oktoba
Valentin tena! Mama Marcelline, mwenye saluni, ametangaza kwamba vinyozi wawili ni wengi. Jumapili kiti kimoja kinaondoka, abaki anayejaza benchi. Hapa Jules Street, ugenini Malvern, watu wa Kivu hawaji kunyolewa tu, wanakuja kusikia vita vya nyumbani vimefika wapi. Na mchambuzi wa vita ni mimi! Leo nikawa naeleza makombora. Valentin, kinyozi mwenzangu, Mrundi ambaye bunduki ameiona kiunoni mwa polisi tu, akanikatiza. Eti kombora la ndegeni huachiwa kwanza lidondoke, ndipo injini yake iwake. Nikamwambia kinachodondoka ni parachichi. Benchi zima likacheka. Likanicheka mimi!

Jumatano, 8 Oktoba
Wateja wamehamia kwake. Mmoja aliondoka kitini kwangu kichwa kimenyolewa upande mmoja. Shenzi! Maneno hayatoshi tena. Nitaleta picha ya setilaiti ya upelelezi, tuone atasema nini.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nimeipata! Nilikuwa mjini, kituoni, nangoja teksi ya kurudi Malvern. Nikafungua ramani ya simu, nikabonyeza setilaiti, nikaandika jina la kilima cha kwetu. Mtandao ukazunguka weee, picha ikatokea. Mungu mkubwa! Mabanda marefu, na mbele yake makombora meupe, safu kwa safu, yanangoja kufungwa kwenye ndege. Katikati kitu chekundu cha mviringo. Rada hiyo! Nimeichapisha kubwa kama shuka.

Jumamosi, 11 Oktoba
Watu hadi mlangoni. Picha iko juu ya kioo, naelekeza kwa kichana. Hénock, mlinzi wa duka la magodoro, alitokwa na jasho, maana mama yake anakaa chini ya kilima hicho. Akatoka nje mbio kupiga simu. Valentin anafagia nywele. Raha iliyoje!

Jumapili, 12 Oktoba
Laana! Mama Agnès, anayeuza magwinya, yale maandazi ya huku, kwenye kituo cha teksi mjini, alikuja kumchukua mumewe. Akaitazama picha, akasogea, akauliza, "Eish, Papa Thierry, mwavuli wangu unafanya nini huku?" Kisha akawaonyesha kituo chake chote: teksi za Malvern, teksi za Soweto, hata paa la choo. Walicheka hadi benchi likapinduka.

Hénock hakucheka. Mama yake ameacha nyumba na mbuzi, amekimbia kwa miguu na goti lake bovu hadi kwa shemeji yake. Nilimwambia matembezi ni dawa ya goti. Sasa jicho langu la kushoto halifunguki. Mama Marcelline akaniambia nichukue mashine yangu niende. Kiti ni cha Valentin. Yule nyoka alinifungulia mlango, tena kwa heshima!

Jumanne, 14 Oktoba
Nanyolea chini ya turubai, ng'ambo ya barabara, natazamana na saluni. Upepo unanirudishia nywele mdomoni. Nimefikiri sana na kosa nimeligundua. Setilaiti ile iliruka chini mno, ndiyo maana hata mwavuli wa Agnès ulionekana. Nimechapisha picha ya nyingine, ya juu zaidi. Ina ukungu mtupu, hakuna mjuaji atakayetambua kitu. Hénock nimeshamtumia. Nimemwambia kwamba mama yake asithubutu kulala kwa shemeji, makombora yote yameelekezwa huko.