Siku Nilipopiga Saba Kwenye Matoleo

Leo nimejiaibisha kanisani, na kanisa lilikuwa limejaa mpaka mlangoni.

Naandika hapa kwenye grupu ya vijana wote wa kartie, mtaa wetu mzima, kwa sababu moja tu: Bonane alikuwepo. Bonane ni motari, anabeba watu kati ya Kasongo na Kabambare kwa ile barabara ya mashimo, na habari zake hufika kabla ya pikipiki yenyewe. Basi ni afadhali mzisikie kwangu. Mnajua naandika polepole. Niliposhika telefone bugali ulikuwa wa moto, sasa umefanya ngozi juu. (Mama ameuliza kama naandika barua ya kuomba kazi. Nimesema ndiyo.)

Sisi tunaopenda metali ni watatu. Kwa Kasongo nzima sijui wa nne. Kama hamujawahi kuisikia, ni muziki wa gitaa nzito zinazonguruma, na waimbaji ambao nyanya yangu akiwasikia anauliza nani anachinjwa. Bonane ndiye aliyeuleta. Abiria wake mmoja wa machimbo ya upande wa Lusangi alimtilia nyimbo hizo kwenye telefone wakati wanangoja mvua ipite. Wa pili ni Faustin, anayetengeneza telefone kule Kabambare. Wa tatu ni mimi. Tuna grupu yetu ndogo, na kazi yake ni kubishana.

Hatubishani kama nyimbo ni nzuri. Zote ni nzuri. Tunabishana zinaitwaje. Faustin anasema metali ina makabila yake kama watu. Kuna progresifu: huo ni wimbo unaosafiri, unaanza huku, unavuka mto, unamalizikia kijiji kingine bila kurudia njia ileile. Na kuna metali ya majaribio: wapigaji wenyewe hawajui kitatoka nini, wanajaribu tu, kama mtu anayepika majani ya sombe kwa mara ya kwanza na nyumbani hakuna wa kumuuliza. Mpaka hapo tunapatana. Shida inakuja pale makabila mawili yanapogombania mtoto mmoja.

Na mtoto huyo yupo. Ni wimbo mrefu sana, ukibandika mihogo unapoanza, inaiva kabla haujaisha. Ngoma yake inahesabu saba. Nyimbo zetu za kucheza zinahesabu nne: moja, mbili, tatu, nne, na mwili unajua pa kwenda. Huu unapiga nne, halafu tatu, halafu nne, halafu tatu. Kila ukikaribia kutulia, pigo moja limeibwa. Faustin anasema progresifu. Bonane anasema majaribio. Wamebishana mvua zote. Kuna siku Faustin alituma ujumbe wa sauti mrefu kuliko wimbo.

Mimi nilinyamaza. (Mnanijua. Kwenye shule ya msingi mwalimu alidhani sisikii.) Lakini juzi, sijui nini kilinishika, nikaandika hivi: wimbo ambao mwili unaweza kuucheza ni progresifu, na ule unaoukataa mwili ni wa majaribio.

Faustin akaandika maneno mawili: "Deo amesema." Nikaweka telefone kifuani kama mtu aliyepata diploma. Bonane yeye akauliza tutapata wapi watu wa kuucheza, tuone. Halafu akajijibu mwenyewe: "Kwani weye si unapiga ngoma Jumapili?"

Nilicheka. Naapa nilicheka tu.

Sasa niwaambie habari ya ngoma hiyo. Kaka aliyekuwa akipiga kwenye korali yetu amehamia Kindu. Askofu anakuja kwa kipaimara, na Papa Kizito, kiongozi wa korali, anatafuta mtu wa kupiga siku hiyo. Jumapili iliyopita alimjaribu kijana mwingine. Leo ilikuwa zamu yangu, na misa ikiisha angechagua. Kwa mtu mwingine labda si kitu. Lakini mimi nikifungua mdomo, watu wanainamisha sikio, wanasema: ati nini? Sema kwa nguvu. Nikiwa kwenye ngoma hakuna anayeuliza hivyo. Siku ya askofu niliitaka kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka, hata kuliko pikipiki.

Basi nimeamka mapema, nimevaa shati la bluu, nimefika kabla ya katekista. Wimbo wa kuingia ulikwenda vizuri. Utukufu ulikwenda vizuri. Bonane alikuwa amekaa benchi la mbele, yeye ambaye hajakaa mbele tangu komunyo ya kwanza. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka.

Yakafika matoleo. Kwetu matoleo hayaji yakitembea, yanakuja yakicheza. Mbele alikuwa Mama Sifa, dada mkubwa wa mama yangu, na beseni la mchele kichwani, bila kulishika. Nyuma yake akina mama kwa mistari miwili, na mikungu ya ndizi, mihogo, kuku aliyefungwa miguu, bido ya plastiki yenye mawese. Mguu wa kulia, wa kushoto, wa kulia, halafu wote wanainama kidogo. Mwisho kabisa Babu Kalume na papai lake moja. Babu anachechemea tangu mti ulipomwangukia shambani. Kila Jumapili wenzake wanakuwa wameisha kukaa, yeye bado yuko katikati ya njia, kichwa chini, akiitafuta ngoma asiipate.

Nikapiga. Ndugu zangu, nilipiga vizuri. Akina mama walikuwa wanainama kama majani ya mpunga upepo ukipita. Papa Kizito akageuka, akaniangalia, akatabasamu. Yule mzee hatabasamu hata Pasaka. Kichwa kikaanza kuvimba.

Hapo korali ikashusha sauti, ikabaki kuguna tu, ili ngoma iseme peke yake. Ni mahali ambapo mpigaji anatia chumvi yake. Macho yangu yakaenda kwa Bonane. Alikuwa ameweka mikono magotini, mmoja vidole vitano, mwingine viwili.

Nilitikisa kichwa kukataa. Lakini mikono yangu haikuona kichwa.

Nikaiba pigo moja.

Mama Sifa alikuwa anajitayarisha kuinama. Akasikia ngoma imeanza upya, basi akaweka mguu. Mama wa ndizi nyuma yake hafuati ngoma, anafuata miguu yake ya miaka yote. Yeye akainama. Mkungu wa ndizi ukampiga Mama Sifa mgongoni.

Mtu mwenye akili angeacha. Mimi nikafikiri: saba haikatwi katikati, ngoja nimalize. (Eti nilikuwa nafikiri.) Ilipomalizika, mikono ilikuwa imeanza nyingine. Sasa waliokuwa wameinama wakasimama, waliokuwa wamesimama wakainama. Mistari miwili ikawa minne, kisha hapakuwa na mstari. Mama Sifa, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, akapeleka mkono kwenye beseni. Alichelewa. Mchele ukamwagika kama mvua juu ya mabati. Kuku wa matoleo akafunguka kamba. Na nje kulikuwa na kuku wa majirani, ambao hawajawahi kuhudhuria misa. Waliposikia mchele wakaingia, kwa mlango mkubwa, bila kucheza.

Asante Mungu bido ya mawese ilikuwa na kifuniko.

Padri alikuwa ameshuka kupokea matoleo, mikono wazi. Akabaki vilevile, mikono wazi, na hakuna anayefika.

Halafu nikamwona Babu Kalume.

Mguu wake mbaya siku zote unafika kabla ya pigo. Leo pigo nalo lilifika mapema. Vikakutana. Akainua kichwa, akainua papai, akaja. Nne, tatu, nne, tatu, bila kukosea. Akapita akina mama, akaruka mchele, akawa wa kwanza kufika kwa padri. Padri akalipokea lile papai kwa mikono miwili kama dhahabu.

Nami nilikuwa bado napiga. Nilisahau kanisa, nilisahau askofu, nilikuwa namwangalia Babu tu. Mpaka Papa Kizito akaweka kiganja chake juu ya ngozi ya ngoma.

Ulisikia kuku wanavyodonoa.

Mama Sifa akageuka, punje za mchele zimejaa kwenye kitambaa cha kichwa. Akasema, si kwa hasira, kama mtu anayetoa habari: "Deo, hii ngoma yako iko barabara ya Kabambare. Mutu anaweka muguu, chini hakuna."

Kanisa likacheka. Korali ikacheka. Bonane alikuwa ameficha uso kwenye kitabu cha nyimbo, na kitabu kinatetemeka. Mimi niliangalia viatu vyangu mpaka komunyo. Sikwenda komunyo.

Mngefikiri imeishia hapo. Nami nilifikiri hivyo.

Misa ilipoisha, watu walibaki kuokota mchele. Papa Kizito akaja mbele yangu, akauliza kwa sauti ya chini: "Ile ilikuwa nini?"

Jibu lilikuwa moja tu: unisamehe, papa. Hata mtoto wa katekisimu analijua. Mimi nikasema: "Ni progresifu, papa."

Nyuma yangu Bonane, akiwa ameshika kuku wa mtu kwapani, akasema hapana, papa asidanganywe, ile iko majaribio, wote wameshindwa kuicheza.

Ndipo kitu kilichokaa ndani yangu tangu shule ya msingi kikatoka. "Si wote! Babu Kalume amecheza!"

Kanisa letu ni mabati matupu, halina dari. Sauti ilikwenda mpaka altare, ikarudi. Waliokuwa wameinama kuokota mchele wakasimama. Padri akatoa kichwa kwenye mlango wa sakristia. Na Babu Kalume, aliyekuwa amekaa benchi lake kupumzisha mguu, akaitikia kwa upole: "Ndiyo, nimecheza. Miaka yote naifuata mie. Leo imenifuata yenyewe."

Hakuna aliyecheka hapo. Ingekuwa afadhali wangecheka.

Papa Kizito akavua mkanda wa ngoma begani mwangu, taratibu, kama unavyomvua mtoto aliyelala. "Nilikuwa nimeisha kukuchagua," akasema. "Kwa wimbo wa kuingia tu, nilikuwa nimeisha."

Sauti yangu yote nilikuwa nimeimaliza kwa Babu Kalume. Nikainama kuokota mchele, hata pale ambapo hapakuwa na mchele.

Akaanza kuondoka na ngoma yake. Kisha akarudi. "Lakini sikujua uko na sauti kiasi hii. Siku ya askofu, weye utasoma matangazo."

Mimi. Matangazo. Mimi ninayesoma na kidole chini ya neno. Mbele ya askofu, na Mama Sifa, na kuku wote.

Nimerudi nyumbani na Mama Sifa. Njia nzima, kila baada ya hatua tatu, alikuwa anajikwaa makusudi, kisha ananiangalia.

Kule kwenye grupu yetu ndogo Faustin alikuwa anangoja matokeo. Akauliza wangapi wamecheza. Nikajibu: mmoja. Faustin akasema basi imekwisha, ni progresifu. Bonane akasema mguu mmoja mgonjwa si mwili. Wanaendelea mpaka sasa. Nimezima sauti ya grupu. Na Babu Kalume amemtuma mjukuu wake kuuliza nitapiga tena Jumapili gani, ili atayarishe papai. Sijui nimjibu nini. Katika yote ya leo hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Basi, ndugu zangu, mkitaka kujua wimbo ni wa kabila gani, ulizeni masikio yenu, na miguu ya mama zetu muiache ipeleke sadaka. Tafadhali asicheke mtu.

Bonane, naona unaandika. Ngoja kwanza nile.