Maoni ya Wasomaji wa "Mapenzi ya Mwachupa"

Jumatatu, 14 Oktoba 1957. Msambweni.

Ijulikane kwa yeyote atakayeliokota daftari hili baada yangu: leo, baada ya sala ya alasiri, mimi Tsuma bin Shutu, karani wa mizani katika ghala la mbata, nazi zilizokaushwa, nimekitia kitabu changu uzi. Uzi wenyewe ni wa kushonea magunia. Sindano imenidunga mara mbili. Damu iko ukurasa wa kwanza, na nimeiacha papo hapo kwa kuwa ni kitabu cha mapenzi.

Jina lake Mapenzi ya Mwachupa. Kurasa sitini, mkono wangu mwenyewe. Herufi hizi za Kizungu nilijifunza bila mwalimu, kwenye magunia na matangazo ya serikali. Tajiri alipokwenda kula nikakipima kwenye mizani. Nusu ratili na ushei. Simjui mtu mwingine wa Msambweni aliyewahi kuandika nusu ratili.

Hadithi ni ya kuchekesha. Mwachupa ampenda mkewe hata hawezi kumwacha bila kufuli. Kila akienda kazini humfungia ndani, ufunguo akautia ugwe akauvaa shingoni. Siku moja ufunguo hauonekani. Autafuta mji mzima, yeye na rafiki zake. Atumbukia kisimani. Mbuzi ampiga pembe. Wakati wa isha ndipo mtu amwonyesha: ugwe umezunguka, ufunguo uko mgongoni! Mke afunguliwa, acheka, wakala wali. Basi.

Sasa sababu. Nimepeleka barua ya posa kwa Mwanarusi binti Mbwana, mjane, msusi wa mikeka, mwanamke mwenye haya na ulimi pamoja. Bi Mishi, shangazi yake, amenijibu kwamba Mwanarusi ana neno moja tu. Amesikia naandika kitabu. Ataka kukisoma kwanza.

Nimefurahi mno. Kitabu kitanisemea.

Jumanne, 15 Oktoba

Nimekipeleka. Wanawake walikuwa barazani kwa Bi Mishi wakisuka ukili, Mwanarusi ndani ya mlango. Shikamoo, marahaba. Kitabu kikapita mkono kwa mkono.

Bi Mishi akasema haya maandishi ni ya Kizungu. Mwanarusi asoma herufi za Kiarabu. Alihitimu chuo cha Kurani kabla ya mimi kuota ndevu. Lakini Sidi, mke wa jirani, mzaliwa wa huko juu Kwale, alisomeshwa na wamisheni. Basi shauri likakatwa palepale bila mimi. Sidi atakisoma kwa sauti, wengine watasuka na kusikiliza, Mwanarusi atakinakili kwa herufi za Kiarabu apate kukirudia kwa raha zake.

Bi Mishi akaniuliza mimi hupendelea herufi zipi. Nikasema zote. Zote! Sijui ni nani aliyesema kwa kinywa changu.

Nakiri hapa tu. Chuoni nilikaa siku arubaini. Siku ya arubaini na moja mwalimu alikuwa akimpiga mwingine, nikaruka ua. Sura nazijua kwa moyo, lakini nikizitazama kwenye karatasi naona siafu. Msikitini hushika msahafu na kufunua ukurasa jirani yangu anapofunua wake. Miaka ishirini sasa. Hakuna aliyegundua.

Alhamisi, 17 Oktoba

Maoni yaanza kuingia. Dzombo, mwenzangu ghalani, nimemsimulia juu ya magunia. Kisima kimempendeza. Aona hakuna vita vya kutosha. Akashauri mbuzi awe nyati. Nimemwambia Msambweni nyati wa kuokota atatoka wapi.

Mwalimu Boga wa chuo, mfiwa na mke, mtu mzito, nilimsimulia nje ya msikiti. Akaniuliza Mwachupa siku ile ya ufunguo aliswali saa ngapi. Nikahesabu. Adhuhuri, alasiri na magharibi zote zimempita. Kitabu kikirudi nitaongeza sala moja pembeni mwa ukurasa wa thelathini.

Kwa Bi Mishi wanacheka. Wasikika mpaka njiani. Nimepita mara nne kuhakikisha. Mara ya nne Bi Mishi akaniuliza, mwanangu, umepoteza kitu?

Jumapili, 20 Oktoba

Mwanarusi na Sidi hawapo. Wamekwenda arusini Waa tangu jana. Bi Mishi amebaki na maoni.

Kitabu kimewachekesha, asema. Chane za kusukia zimewamwagika. Ila wana swali moja. Siku ile ya ufunguo, mke wa Mwachupa alikuwa akifanya nini mle ndani?

Nikamweleza kwa adabu kwamba hadithi iko nje. Kisima kiko nje, mbuzi yuko nje. Ndani hamna kitu: kitanda, mtungi, na mwanamke.

Akasema, "Haya, karani."

Wasomaji ni watu wa ajabu. Unawapa mbuzi, watafuta mtungi.

Nikiri na hili, kwa kuwa daftari halina mdomo. Hadithi sikuitoa hewani. Ni ya siku nilizokuwa na Mbeyu, mke wangu wa kwanza. Mambo machache nimeyabadilisha. Mimi sikutumbukia kisimani. Na Mbeyu alipofunguliwa hakucheka. Mwezi uliofuata alipitia paa la makuti akarudi kwao Waa. Watu nimewaambia alimkumbuka mama yake.

Jumatano, 23 Oktoba

Nakala imekuja! Wino mweusi, mistari imenyooka kama ukili. Pembeni pote pamejaa maneno, mikono miwili tofauti. Maoni! Bi Mishi akanikabidhi mwenyewe. Akasema jibu la posa liko mwisho wa kitabu. Nikiliafiki, nije Ijumaa baada ya sala.

Nikakifunua mbele yake. Nikapitisha macho taratibu, kulia kwenda kushoto, hilo nalijua. Nikacheka.

Akaniuliza kilichonichekesha.

Nikasema hapa mmepatia kweli.

Akasema hapo ni bismillahi.

Nimekaa nacho ghalani mchana kutwa. Siafu tupu. Kitabu changu mwenyewe, jibu langu mwenyewe, na siwezi kuyafikia. Kumwuliza Sidi haiwezekani. Kumwuliza mtoto wa chuo, mji mzima utajua kabla ya magharibi. Nikapata shauri. Nilijifunga kitambaa jicho la kulia, nikajipaka vumbi la mbata, nikaenda kwa Mwalimu Boga nikipapasa ukuta. Nikamwambia jicho limeniingia taka, na la pili lamwonea huruma mwenzake. Anisomee kidogo.

Akasoma ya pembeni. Sidi ameandikisha kwamba katika kitabu kizima mwenye akili ni mbuzi. Bi Mishi: nimecheka hapa mpaka machozi, nilipoingia ndani nikafikiri, sikucheka tena. Mwanarusi: huyu Mwachupa achekesha sana kwa mtu ambaye hatalala nyumbani kwake.

Nikamwambia Boga endelea, mwisho, mwisho. Akafunua. Kuna sura nzima mpya kule nyuma, asema, wala si mimi niliyeiandika. Akasoma kimoyomoyo. Midomo yacheza. Kisha ikaacha kucheza. Akakifunga kitabu, akakaa nacho mapajani.

Akasema, "Hii si yangu mimi kukusomea, Bwana Tsuma. Fungua kitambaa hicho. Njoo kesho asubuhi ukae na watoto. Siku arubaini nyingine utaisoma wewe mwenyewe."

Nyingine!

Nimetembea pwani nikapima jambo hili pande zote. Boga ni mfiwa. Mwanarusi ni mjane. Jibu lingekuwa baya, angenisomea kwa sauti ya adhana. Amekataa. Basi ni zuri.

Ijumaa, 25 Oktoba

Kanzu nyeupe. Kofia ya vito. Halua ratili moja, hii kamili.

Barazani walikuwepo Bi Mishi, Sidi na wengine watatu, mikono ikisuka. Mwanarusi nyuma ya pazia. Nilikaa kwenye kigoda.

Bi Mishi akaniuliza kama nimesoma. Nikasema nimesoma. Mpaka mwisho? Mpaka mwisho. Na naafiki? Naafiki kila neno, shangazi, kwa moyo mkunjufu.

Uso wake ukafunguka, wallahi. Sijawahi kuuona hivyo. Hata nyuma ya pazia nilisikia mtu akishusha pumzi. Sidi akasema, kumbe karani ana utu, nami nilimsingizia! Bi Mishi akanishika mkono. Akaniuliza, basi mwanangu, utakwenda lini?

Nikasema, "Wapi?"

Mikono ikaacha kusuka. Yote kwa pamoja.

Sidi akaniambia bwana we, hebu nionyeshe hilo neno ulilosoma. Nikasema jicho langu. Akauliza jicho lipi, maana yote mawili yanamtazama. Mwanarusi akamnyamazisha. Akaomba kitabu. Nikakipitisha chini ya pazia, naye akaisoma ile sura, taratibu, kama mtu amsomeaye mgonjwa barua ya nyumbani.

Ni siku ile ya ufunguo, lakini ndani. Ilikuwa mwezi wa Februari. Maji mtungini yalikuwa kata moja. Mwanamke alikuwa na homa. Alinywa nusu, nusu akaiweka, kwa kuwa hakujua siku ina urefu gani. Alijua saa kwa kitobo cha ukutani, mwanga ukitembea juu ya kitanda. Alasiri aliwasikia wanaume mlangoni wakisimuliana habari ya mbuzi. Akagonga. Mmoja akasema, huyo naye ataka kumwona mbuzi! Wakacheka. Hakugonga tena. Alikaa akihesabu mara walizocheka, apate kitu cha kufanya. Kumi na saba.

Nikasema wametunga vizuri, ila yahuzunisha, na hiki ni kitabu cha furaha.

Mwanarusi akajibu, "Hatukutunga. Tulipokwenda Waa tulimwuliza mwenyewe."

Mwisho wa sura ndilo lile jibu. Akalisoma pia. Kwamba hanikatai. Kwamba mtu aweza kukosa akiwa kijana. Niende Waa kwa Mbeyu, mbele ya mama yake, nimtake radhi kwa kinywa changu. Nikirudi, posa ifunguliwe.

Ndilo nililoliafiki kila neno.

Bi Mishi akaniuliza tena, kwa upole, wala hakuwa na haja ya upole. "Sasa umesikia kwa masikio. Utakwenda lini, baba?"

Walinitazama wote. Hata Sidi hakuwa na mzaha. Neno moja tu lilihitajika. Kesho. Au Jumapili. Basi lapita Waa kila siku.

Nikasema Jumatatu tuna mbata ya kupima.

Nikaona niongeze kitu. Nikasema isitoshe, kumi na saba ni chache, mimi nakumbuka tulicheka zaidi.

Barua yangu ya posa ikatoka chini ya pazia. Ilikuwa imekunjwa vilevile nilivyoikunja. Mwanarusi akasema, "Nakushukuru kwa kitabu, kaka Tsuma." Kaka! Halua wamenirudishia. Kitabu chao cha Kiarabu wamekibakisha.

Jumamosi, 26 Oktoba

Tajiri ameniuliza mbona napima gunia moja mara tatu.

Dzombo ameniazima baiskeli bila kumwomba. Akasema Waa si mbali. Nani amemwambia? Nikamshukuru. Nimeitia upepo magurudumu yote mawili. Nikaiegemeza ukutani. Iko hapo.

Mwalimu Boga alinipita njiani. Nikamwamkia, shikamoo, akaitikia. Hakuuliza kitu. Ndivyo wivu ulivyo, hunyamaza.

Jumanne, 29 Oktoba

Nimefanya utafiti, mwandishi hana budi. Nimejifungia chumbani, dirisha nikaliziba, nione ndani mna nini hata wasomaji wasumbuke hivyo. Nimechukua kata moja ya maji. Nikayanywa yote mara moja kwa sababu ya joto. Nikangoja mwanga utembee juu ya kitanda. Nje watu wawili walipita wakicheka. Nilitaka kujua wacheka nini. Nikatoka kuwauliza.

Hamna kitu mle. Joto tu.

Alhamisi, 31 Oktoba

Nimelifikiri jambo hili kwa haki, bila kujipendelea, na nimeuona ubovu ulipo. Uko kwa wasomaji. Kitabu hakina kosa. Nilikosea kumpa kitabu mtu ajuaye kusoma.

Dzombo ana shemeji Kibuyuni, Kanze, muuza samaki wa kukaanga, mwanamke wa kicheko. Nimeulizia kwa makini. Hasomi Kizungu. Hasomi Kiarabu. Wala dada zake, wala mama yake. Nyumba nzima hamna hata kalamu! Nimeandika barua mpya ya posa, safari hii fupi, nikataja kwamba mimi ni mwandishi wa kitabu cha kuchekesha. Mwachupa nitamsimulia mwenyewe, kwa sauti, nikifika.

Baiskeli nimempa Dzombo aende nayo.

Jumapili, 3 Novemba

Dzombo amerudi saa kumi. Barua amerudi nayo. Mwanarusi alikwenda Kibuyuni Jumatatu kuuza mikeka, na jioni ile aliwasomea kitabu chote.