Jinsi Bi Somoe Alivyoizibua Chemba ya Mikindani

Jongeeni, enyi watu wa Mikindani, nanyi wa Magomeni mnaopita kwa bodaboda zimeni injini! Tegeni masikio, wala msizibe pua, kwani nitakayowasimulia yana sifa na yana harufu.

Alikuwapo Bi Somoe binti Nangumi, msimamizi wa mabwawa ya majitaka, jemadari asiye na jeshi, mwenye buti mbili za mpira, zote za mguu wa kushoto. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba uchafu wa mitaa mitatu unapita chemba kuu, unatulia mabwawani, unachujwa katika matete, na kutoka ukiwa maji yasiyomdhuru mtu.

Basi asubuhi ya Jumanne, bahari ikiwa imekupwa na wanawake wamekwisha shika vikapu kwenda kuokota kombe za kitoweo, adui asiyejulikana akaifunga njia. Chemba ikanguruma, ikavimba, ikainua mfuniko wake, na jeshi jeusi likaanza kuteremka kuelekea ufuoni, pale pale penye kombe.

Wa kwanza kufika alikuwa jirani, Bi Nasra, mwenye sauti ya tarumbeta. "Rudini, wanawake wenzangu! Leo watoto watakula nini? Na aliyeziba njia hii, Mungu amfichue mbele ya kadamnasi!"

Kisha akawasili Goodluck, fundi wa ofisini, shati limepigwa pasi, kalamu tatu kifuani. Akaikagua chemba akiwa mbali, akahutubia: "Mama zangu, hali ni nzito. Hapa linahitajika gari la kunyonya, gari linahitaji barua, barua inahitaji saini ya mkuu wangu, naye yuko semina. Alhamisi, Mungu akijalia, tutaanza mchakato."

Bi Somoe akautazama uchafu. Ulibakiza hatua kumi kuufikia mchanga. Naye mwenyewe alilelewa kwa kombe za ufuo ule.

"Mwanangu Goodluck," akasema, "uchafu haujui Alhamisi. Nishikie simu yangu."

Akajifunga kibwebwe, akatwaa upondo wa mtumbwi, akachokoa, upondo ukakatika. Akapiga magoti, akafumba macho, akasema "Bismillahi," akazamisha mkono hadi begani. Umati ukarudi nyuma kwa nidhamu ambayo majeshi mengi hayana. Akavuta, adui naye akavuta. Akatukana kidogo, akamwomba Mola radhi, akavuta tena kwa nguvu zote. Chemba ikacheua, ikameza, na maji yakageuka mbio kuelekea mabwawani kama watumishi waliosikia bosi kaingia getini.

Mkononi mwake ukaning'inia mtandio wa njano wenye shanga.



"Jamani," akasema Bi Nasra, kwa sauti ndogo ambayo Mikindani haikuwahi kuisikia, "nadhani huo ni wangu, uliniponyoka chooni siku ya harusi ya Mariamu."

"Pole, mwenzangu," akasema Bi Somoe. " Chukua basi."

Hakuuchukua.

Wakaufukia uchafu uliomwagika kwa mchanga na chokaa, wanawake wakashuka ufuoni na vikapu vyao, na Goodluck akaandika kitabuni: *Tatizo limetatuliwa kwa ushirikiano.*

Jioni ile kila jiko la mtaa lilinukia kombe za nazi. Bi Somoe, aliyeoga mara tano, akaletewa bakuli kubwa kuliko yote. Wakaimba jina lake, wakampigia vigelegele, wakaliweka bakuli chini hatua sita kutoka alipoketi, wakaondoka kinyumenyume, kwa heshima kuu.